Mfongo wa Elfu Nane na Themanini

Kitabu kinaziita bandari.
Nilicheka. Moshi haina bahari;
tulicho nacho ni maji ya mlimani
na mifongo iliyochimbwa na watu wasiojua kusoma,
ambayo ukiitazama kwa pembeni
utaapa maji yanapanda kilima.

Basi mimi naziita milango.
Seva moja ina milango elfu sitini na tano na ushei,
na karibu yote inalala imefungwa.

Saa kumi na moja jioni Ndewira akapiga simu toka Kibosho:
"Dada Aikande, watu wamepanga foleni na madebe,
mzani uko tayari, daftari halifunguki."
Daftari liko huku mjini, ghalani, karibu na stesheni,
ndani ya mashine ya nyuma
ambayo ulimwengu wa nje haiijui hata jina.
Inayojulikana ni ile ya mbele,
kiboksi cha Linux chini ya meza ya mlinzi,
kimefunikwa kanga ili paka asilale juu yake.

Nikaanza na njia ya mvivu: handaki.
Amri moja, ssh na herufi L,
mlango wa mbele ukatokea chumba cha nyuma.
Ndewira akaliona daftari, akapiga kigelegele.
Nikafunika kompyuta nikanunue mtori.
Kurudi, handaki limefukiwa,
maana lilikuwa limeshikiliwa na mimi.

Nikaweka mpokezi mlangoni,
programu ndogo ya kusimama tu,
apokee ndoo kwa mkono huu, aipitishe kwa mkono ule.
Nilisahau neno moja, la kumruhusu azae wasaidizi.
Akamhudumia mteja mmoja,
akavua kofia, akaenda zake.

Hapo nikaukumbuka mfongo wetu wa Uru.
Zamu yetu ilikuwa Jumanne, usiku,
na mama hakusimama akichota.
Aliziba kwa kipande cha mgomba na tope,
akafungua upande wetu, akarudi kulala.
Maji yenyewe yalijua.

Basi nikaandika kanuni ndani kabisa, kwenye kiini:
kila agonganaye mlango elfu nane na themanini
apelekwe nyuma, mlango wa themanini.
Kimya.
Nikaisoma tena kanuni, herufi kwa herufi. Haina kosa.
Kumbe kiboksi chenyewe kilizaliwa na sifuri,
kimekatazwa kupitisha cha mwenzake.
Nikaifanya sifuri kuwa moja.
Kimya bado.

Nikatega sikio kwenye waya.
Ombi lilikuwa linafika! Linafika na kugonga,
na mashine ya nyuma inajibu vizuri tu,
ila inatuma jibu kwa njia nyingine,
ile ya ruta ya zamani
ambayo hatujailipia tangu Pasaka.
Nikaongeza kanuni ya pili:
apitaye hapa avae sura ya kiboksi,
jibu lirudi hapa hapa lilikopitia.

"Limefunguka," akasema Ndewira,
na nyuma yake nikasikia madebe yakiburutwa.
Mama Elinami, kilo arobaini na moja.
Kimaro, kumi na tisa, na ubishi.

Saa tatu umeme ukakatika.
Ulipowaka, kanuni zote zilikuwa zimefutika
kama tope la mama baada ya mvua ya masika.
Sikuwa nimezihifadhi.
Niliziandika upya, nikazihifadhi mara mbili,
kisha nikafungua kumbukumbu za mlangoni
nikaona watu wa nchi nisizozijua
wameshagonga mara mia sita na kitu.
Saa moja tu! Na mimi nimeacha wazi kwa wote.
Nikaandika ya mwisho: Kibosho apite, wengine wabaki nje.

Kabla ya kuzima taa nilibandika karatasi kwenye kiboksi:
MLANGO HUU NI WA KIBOSHO.
USIZIME, HATA KAMA UNACHAJI SIMU.
Chini yake, kwa kalamu ya mlinzi,
asubuhi nilikuta imeongezwa:
paka ameambiwa.